Zipu

Saa saba mchana, soko la Karume.
Bati limechemka, hata kunguru hawalikanyagi,
nami nauza makoti ya theluji.

Wauza madera wa mbele yangu hunicheka:
"Mama Nasra, hayo utalivika friji?"
Nacheka nao. Hawajui kwamba wateja wangu
hushuka na basi la usiku kutoka Moshi,
vijana wa mabega mapana na magoti ya wazee.
Hawaulizi rangi. Huminya manyoya, hunusa kola,
hupandisha zipu hadi kooni, huishusha,
huipandisha tena.

Anaeli aliipandisha mara tano.
Mara ya sita ikang'ata.
Nikamwambia keti, nikatoa uzi wa kijani
maana mweusi ulikuwa umekwisha,
nikayakaza meno mawili yaliyolegea.
Elfu kumi na nane. Alilipa kwa noti za elfu elfu,
moja ina kiraka cha selotepu.

Habari haikuletwa kwangu. Ilipita tu sokoni,
mdomoni mwa kijana aliyekuwa akichagua soksi:
yule mrefu kafia juu.

Nikajua ni zipu.
Wiki tatu nililala nikiisikia ikiachia,
upepo ukipenya kwenye meno mawili,
mimi huku nimejifunika kanga moja na bado najipepea.

Kisha akaja Ombeni, nduguye, na kiroba.
Akalitoa koti, akalitandaza juu ya meza.
Uzi wa kijani pale pale.
Haujaachia.

"Si baridi, mama. Alizama."

Nilimwangalia kama mtu aliyekosea lugha.
Mlimani?

"Mapafu yalijaa maji. Ukipanda
haraka kuliko damu inavyojifunza,
mwili unavuja kwa ndani.
Siku ya tatu alikohoa. Ya nne akatema povu,
wekundu wake kama sharubati ya tikiti.
Akalifukia kwa kiatu, kiongozi asilione."

Kwa nini hakusema?

"Anayesema anashushwa.
Na bakshishi hugawiwa waliomaliza safari."

Akanitajia na wengine, polepole, akikunja mikono ya koti:
aliyeanza kuyumba na kucheka peke yake,
wakadhani kalewa, kumbe ubongo unavimba
na fuvu halitanuki;
aliyepigwa na jiwe ambalo barafu ililishika usiku kucha,
jua likaja likalifungua;
na mgeni mmoja mwenye tabasamu
aliyesema anakaa kidogo tu.

Dawa yake nini?

"Kushuka. Basi. Na mapema.
Kama angekuwa anakuja huku kwako, mama,
angepona njiani."

Huku kwangu. Ilala,
ambako maji ya mvua husimama barabarani
kwa kukosa pa kushukia.
Huku hewa ni nzito, ya bajaji na ya samaki wa kukaanga,
imerundikana kama robota ambalo halijakatwa kamba,
hakuna anayeilipia, hakuna anayeipigia bei,
na mtoto wa watu
kafa kwa kukosa kibaba chake.

Ombeni alitaka elfu kumi. Nilimpa ishirini.
Hakuzihesabu.

Alipoishilia kwenye kona ya viatu nililivaa lile koti,
nikapandisha zipu hadi kidevuni.
Wa madera wakaacha kucheka.
Jasho likanitiririka hadi kwenye ndala,
nikavuta pumzi nikaishikilia,
nikaishikilia,
mpaka masikio yakalia,
nikaiachia. Ikarudi nyingine. Hivi hivi tu,
bila kuombwa.

Jana kaja mmoja, ndevu hazijamkaa sawasawa.
Akaipandisha, akaishusha.
"Hii imeshonwa, mama."

Imeshonwa. Haiachii. Wewe unakohoa?

"Mimi? Hapana."

Ukikohoa huko juu, sema.

"Sawa," pua ikiwa ndani ya kola.
"Lakini punguza basi."